Umri Ambao Simu Inaujua

Mtoto anayefungua akaunti ya mtandao wa kijamii huulizwa umri mapema, kabla hajaona hata video moja. Kwenye kioo hutokea siku, mwezi na mwaka, na kidole kimoja chatosha kuvisogeza. Haombwi cheti cha kuzaliwa, wala hakuna mzazi anayepigiwa simu. Mtoto wa darasa la tatu aliyekwisha kufundishwa kutoa kwa kukopa hukokotoa mwaka unaotakiwa bila shida. Asiyeweza atatajiwa na kaka yake. Sekunde chache baadaye ameingia, na mara nyingi programu itauamini mwaka ule kwa muda wote akaunti itakapokuwa hai.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo linalozungumziwa katika mhadhara huu. Vidhibiti vya wazazi kwenye simu za leo ni vingi, na baadhi ni vizuri kweli. Lakini karibu vyote husoma tarehe ile ya kuzaliwa kabla ya kufanya lolote: nani aruhusiwe kumtumia mtoto ujumbe, video ipi ifichwe, tangazo lipi lizuiwe, arifa zinyamaze saa ngapi za usiku. Tarehe ikiwa ya uongo, vidhibiti haviharibiki. Vinaendelea na kazi, ila vinamhudumia mtu mzima ambaye hayupo. Kliniki ya watoto haimwachii mtoto ataje umri wake. Muuguzi hufungua kadi. Kwenye simu kadi haifunguliwi, na mzazi anayetaka kumlinda mwanawe hana budi kuanzia hapo kabla ya kuhangaika na dakika na nywila.

Mwaka 2022 Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, ilitoa matokeo ya utafiti kuhusu watoto wa miaka 8 hadi 17 wenye kurasa zao mitandaoni. Theluthi moja walikuwa wamejiandikisha kama watu wa miaka 18 au zaidi. Hata katika kundi la miaka 8 hadi 12, ambalo masharti ya kampuni nyingi hayaliruhusu kabisa, asilimia 60 ya waliokuwa wakitumia mitandao hiyo walikuwa na ukurasa wao wenyewe, na wengi walisaidiwa kuufungua, mara nyingi na mzazi.

Uongo huo hauishii siku ulipoandikwa, kwa sababu unakua pamoja na mtoto. Tuchukue mtoto wa miaka 8 aliyejiandika kuwa ana 13 ili TikTok imkubali. Akifika miaka 11, bado yuko shule ya msingi, programu inamhesabu kuwa na 16, na huo ndio umri ambao TikTok inaanza kumruhusu mtumiaji kutuma na kupokea ujumbe wa faragha. Akifika 13, anapokaribia kidato cha kwanza, programu inamhesabu kuwa na 18. Sasa anaweza kurusha matangazo ya moja kwa moja akiwa chumbani kwake, jambo ambalo TikTok yenyewe ililiwekea mpaka wa miaka 18 mwishoni mwa mwaka 2022. Instagram nayo, tangu Septemba 2024, huzifanya akaunti za walio chini ya miaka 18 kuwa za faragha bila kuombwa, na aliye chini ya 16 hawezi kulegeza masharti hayo pasipo ridhaa ya mzazi. Kinga hiyo yote humpita mtoto huyu, kwa kuwa kwenye daftari la kampuni yeye si mtoto tena.

Hiyo namba 13 yenyewe haikutoka kwa madaktari wala walimu. Ilitoka Marekani, katika sheria ya faragha ya watoto mtandaoni iliyopitishwa mwaka 1998 na kuanza kutumika Aprili 2000, inayojulikana kwa kifupi kama COPPA. Wakati huo Facebook ilikuwa bado haijazaliwa na iPhone ilikuwa miaka 7 mbele. Sheria ilihusu ukusanyaji wa taarifa: kampuni isichukue taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi iliyothibitishwa. Ed Markey, mmoja wa waliouandika mswada ule, amekwisha kueleza kwamba yeye alitaka umri uwe 16, ikafikiwa 13 katika maelewano. Kampuni ziliona kutafuta ridhaa ya kila mzazi ni kazi na gharama, nyingi zikachagua njia nyepesi: ziliandika kwenye masharti kwamba walio chini ya 13 hawaruhusiwi, kisha zikaweka swali la umri mlangoni. Namba iliyopatikana kwa mapatano ya wabunge wa Washington ndiyo leo inamwamulia mtoto wa Mbagala na wa Kisauni.

Wazazi walijifunza kulivuka swali hilo mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2011 watafiti wanne wa Marekani, akiwamo danah boyd, waliwahoji wazazi 1,007 wenye watoto wa miaka 10 hadi 14. Miongoni mwa wazazi wa watoto wa miaka 12, asilimia 55 walisema mtoto wao ana akaunti ya Facebook, na kati ya hao asilimia 76 walisaidia kuifungua. Si kwamba walikuwa wazembe. Walitaka mtoto awasiliane na jamaa walio mbali na wanafunzi wenzake, na masharti ya kampuni hayakuwaachia njia ya ukweli. Hali hiyo inafahamika vizuri huku kwetu. Mama anayefanya kazi za nyumbani Muscat anataka kumwona mwanawe kila jioni, naye mtoto ana miaka 9. WhatsApp inadai miaka 13. Shangazi aliyebaki na mtoto atafanyaje? Atafungua akaunti, na hakuna mtu mwenye huruma atakayemlaumu.

Lawama inawastahili zaidi waliojenga mlango usio na bawaba. Aprili 2023 ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa iliitoza TikTok faini ya pauni milioni 12.7, ikikadiria kwamba mwaka 2020 watoto hadi milioni 1.4 walio chini ya miaka 13 walikuwa wakiitumia nchini humo. Septemba mwaka huohuo tume ya ulinzi wa taarifa ya Ireland ikafuata na faini ya euro milioni 345. Hukumu ya Ireland inafaa kutazamwa kwa karibu, maana iligusa kidhibiti chenyewe cha wazazi. TikTok ilianzisha mwaka 2020 njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto: mzazi anachanganua msimbo kwenye simu ya mtoto, na tangu hapo anaweza kupanga muda, kuzuia utafutaji na kufunga ujumbe. Tume ikagundua kwamba hakuna aliyehakikisha kama mtu mzima aliyeunganishwa ni mzazi kweli, na kwamba mtu huyo aliweza kumfungulia ujumbe wa faragha kijana aliyefikisha miaka 16. Chombo kilichotengenezwa kumlinda mtoto kiliweza kushikwa na mtu yeyote aliyeipata simu yake kwa dakika moja.

Mzazi akitoka kwenye mitandao ya kijamii akaenda kwenye duka la programu, anakuta namba za aina nyingine. Kando ya mchezo au programu pameandikwa 3+, 7+, 12+, 16+ au 18+. Wengi huamini kuna bodi ya wakaguzi iliyoucheza mchezo huo mpaka mwisho. Tangu mwaka 2015 Google Play hutumia mfumo wa muungano wa kimataifa wa bodi za ukadiriaji, IARC, ambamo mtengenezaji mwenyewe hujaza dodoso: kuna damu, kuna matusi, kuna uchi, kuna kamari, kuna mazungumzo kati ya wachezaji? Majibu yake hugeuzwa kuwa alama kwa kila eneo la dunia, na nchi zisizo na bodi iliyojiunga na mfumo hupewa alama ya jumla. Bodi zenye uzoefu hukagua baadaye na kusahihisha, lakini hatua ya kwanza ni neno la mtengenezaji. Jambo la pili ni zito zaidi: alama hiyo inahusu maudhui yaliyowekwa na mtengenezaji. Haisemi lolote kuhusu watu atakaokutana nao mtoto ndani ya mchezo. Mchezo wa magari wenye alama ya 3+ unaweza kuwa na chumba cha gumzo, na gumzo halina umri.

Halafu kuna pesa. Januari 2014 Apple ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kurudisha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo bila idhini. Kisa kilikuwa dirisha la dakika 15: mzazi akishaandika nywila mara moja, kwa robo saa iliyofuata mtoto aliweza kununua bila kuulizwa tena. Msichana mmoja alitumia dola 2,600 katika mchezo wa hoteli ya wanyama. Google nayo ilikubali kurudisha dola milioni 19 Septemba mwaka huo. Mwaka 2022 ikaja zamu ya Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, waliokubali kulipa dola milioni 520 kwa makosa ya faragha ya watoto na kwa vitufe vilivyopangwa kumfanya mchezaji anunue bila kukusudia. Baada ya kesi za kwanza, maduka yote mawili yaliweka chaguo la kudai nywila kwa kila ununuzi. Chaguo hilo liwashwe leo, na siyo kwenye simu ya mtoto tu, bali pia kwenye simu ya baba anayoiazima mtoto.

Kuazima ndiko kunakotenga nyumba za Afrika Mashariki na nyumba walizozifikiria wabunifu wa vidhibiti hivi. Wao waliona mtoto mmoja, simu moja, akaunti moja, mzazi mmoja mwenye barua pepe. Huku simu ya mama ni ya mama mchana, na usiku ni ya kila mtu. Mdogo hupewa katuni ili amalize uji. Wa kati hufungua kundi la WhatsApp la darasa kutafuta kazi ya nyumbani. Mkubwa anaitaka kwa ajili ya mpira. Akaunti ya YouTube ni moja, ina umri wa miaka 38, na kumbukumbu yake imechanganya taarabu, mahubiri, mapishi na vikaragosi. Mashine inayopendekeza video inayofuata haijui ni mikono ya nani iliyoishika simu saa hiyo. Inajua mwenye akaunti tu, na mwenye akaunti ni mtu mzima.

Kwa simu ya namna hiyo, chombo chenye manufaa zaidi ni kile kisichotajwa sana kwenye matangazo: kubandika programu. Karibu kila simu ya Android inacho, nyingi za Tecno, Infinix, itel na Samsung zikiwamo, kwenye mipangilio ya usalama. Mzazi hukiwasha mara moja na kuchagua kwamba simu idai PIN kabla ya kubanduliwa. Baada ya hapo hufungua programu anayotaka mtoto aitumie, huenda kwenye orodha ya programu zilizo wazi, hugusa alama ya programu hiyo na kuchagua kuibandika. Mtoto atabonyeza nyuma, atabonyeza mwanzo, atatelezesha kidole kila upande, na hatatoka. Ujumbe wa M-Pesa, picha, mazungumzo ya mama na dada yake, vyote vitabaki nje ya mkono wake. Kwenye iPhone kazi hiyo hufanywa kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, ikiwa chaguo la matumizi yanayosimamiwa limewashwa, na hapo mzazi anaweza hata kuweka kikomo cha dakika.

Kubandika kuna mpaka wake. Ukiibandika YouTube, umemfungia mtoto ndani ya YouTube yote. Ndiyo maana inafaa kubandika YouTube Kids, programu iliyoanzishwa mwaka 2015, na kuiweka katika hali ambayo mtoto huona video na chaneli zilizoidhinishwa na mzazi peke yake. Hapo pana jambo dogo ambalo wazazi wengi hulipita. Ili kuingia kwenye mipangilio ya wazazi, YouTube Kids huuliza swali la kuzidisha, kama saba mara nane, ikichukulia kwamba anayejua jibu ni mtu mzima. Mtoto wa darasa la nne aliyekariri jedwali lake anajibu kabla ya baba. Programu inaruhusu kuweka PIN yako badala ya hesabu, na inafaa kuiweka siku ileile inaposakinishwa.

Na PIN hiyo isiwe ile ya M-Pesa. Katika nyumba nyingi namba ya siri ya muamala ilishaacha kuwa siri. Bibi asiyeona vizuri humpa mjukuu simu amsomee ujumbe, kisha humtajia namba kwa sauti ili amtumie fundi pesa. Mjukuu hana nia mbaya. Ana kumbukumbu nzuri.

Mtoto mwenye simu yake mwenyewe anahitaji mpango mwingine. Google ilianzisha Family Link mwaka 2017, na Apple ikaweka kidhibiti chake cha muda wa skrini mwaka 2018. Kwa Family Link, mzazi hufungua akaunti ya mtoto kwa umri wake wa kweli, chini ya akaunti yake mwenyewe. Kila programu inayotakiwa kupakuliwa huja kwake kuombewa kibali. Anaweza kufunga simu saa za kulala, kuona ipi imetumika kwa dakika ngapi, na kuchagua kiwango cha YouTube kinachomfaa mtoto. Ni kazi ya nusu saa. Faida yake kubwa ni kwamba umri ulioandikwa na mzazi mwenyewe ndio unaosomwa na huduma za Google, wala mtoto hawezi kuusogeza kwa kidole.

Hata hivyo maisha ya huku yana mapengo yake. La kwanza ni bando. Mzazi akibadilisha kitu kwenye simu yake, amri haifiki mpaka simu ya mtoto iwe na data, na simu ya mtoto mara nyingi haina. Basi masharti ya likizo yapangwe likizo ikianza, wakati simu bado iko mezani na intaneti ipo. La pili ni programu zinazopita nje ya duka. Vijana hurushiana mafaili ya APK kwa Bluetooth au Xender, na kichujio cha umri cha Google Play hakina habari nayo, kwa kuwa hicho huzuia kinachopakuliwa kutoka Play tu. Ndani ya Family Link kuna sehemu ya kuzima usakinishaji kutoka vyanzo visivyojulikana, ibaki imezimwa. La tatu ni shule. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu wakati wa muhula, kwa hiyo mtoto huishika kwa wiki chache za likizo kwa hamu ya miezi mitatu, na sehemu ya likizo hiyo huipitisha kijijini, kwenye simu ya binamu. Kidhibiti kimebaki nyumbani ndani ya kifaa kisichotumika. Kwa pengo hilo hakuna programu. Kuna kumpigia mjomba na kumwambia waziwazi mtoto anaruhusiwa nini, na kumpa dada wa kazi mamlaka ya kukataa, kisha kumwunga mkono dada huyo mtoto akilia.

Wapo wazazi ambao, wakichoka, hutafuta programu za kupeleleza: kusoma kila ujumbe, kusikiliza mazungumzo, kufuata mtoto kila aendapo bila yeye kujua. Njia hiyo ni mbaya, na ubaya wake hauko kwenye malezi peke yake. Mwaka 2021 FTC iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone isiuze tena programu za upelelezi, baada ya kukuta kwamba ilikusanya taarifa za watu kwa siri na kuziacha zipatikane na wadukuzi. Mwishoni mwa mwaka huohuo gazeti la mtandaoni la The Markup lilifichua kwamba Life360, programu ya familia kufuatana mahali zilipo, ilikuwa ikiuza taarifa za mahali kwa madalali. Mzazi aliyetaka kujua mwanawe yuko wapi alikuwa amewaambia na wengine. Kijana wa miaka 16 akigundua amepelelezwa, hataacha mtandao. Atatafuta simu ya pili. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto, katika maoni yake namba 25 ya mwaka 2021, ilisisitiza kwamba ulinzi wa mtoto mtandaoni uende na kukua kwa uwezo wake na uheshimu faragha yake. Anayesimamiwa akiwa na miaka 8 asisimamiwe vilevile akiwa na 15, na katika umri wowote ajue kwamba anasimamiwa.

Serikali nazo zimejaribu mkono wao. Korea Kusini ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kuwafungia walio chini ya miaka 16 michezo ya mtandaoni kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Vijana wakahamia kwenye michezo ya simu, ambayo sheria haikuigusa, au wakatumia vitambulisho vya wazazi. Januari 2022 sheria ikafutwa. China ilikaza zaidi mwaka 2021: saa 1 tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Akaunti za babu na bibi zikapata wachezaji hodari. Uingereza ilipoanza kudai uthibitisho wa umri kwenye tovuti za ngono Julai 2025, programu za VPN, zinazoficha mtumiaji yuko nchi gani, zilipanda hadi juu ya orodha za upakuaji. Na Desemba 10, 2025 Australia ikaanza kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, faini ikifika dola za huko milioni 49.5. Kilicho kipya Australia ni anayebeba mzigo: mtoto haadhibiwi, mzazi haadhibiwi, kampuni ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba imechukua hatua za maana. Kwa upande huo mmoja, nchi nyingine zina la kujifunza, hata zile zitakazoona miaka 16 ni mingi.

Kenya haianzii sifuri. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inakataza kuchakata taarifa za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na inamtaka anayezichakata awe na njia ya kuthibitisha umri. Mtoto hapo ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo ina meno: Septemba 2023 shule moja ya eneo la Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo kwa kampuni za sekta hiyo kuhusu usalama wa watoto mtandaoni, na uthibitisho wa umri umo. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Lakini kampuni ya simu inamjuaje mtoto? Laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hupatikana mtu akifikisha miaka 18. Laini ya mtoto mara nyingi husajiliwa kwa jina la mzazi. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mtandao, binti wa miaka 12 anayeperuzi saa 5 usiku ni fundi seremala wa miaka 41. Umri umepotea tena, safari hii kwenye usajili wa laini. Mamlaka za mawasiliano zingeweza kuhakikisha kwamba mzazi anaposajili laini ya pili au ya tatu, aweze kusema hii ni ya mtoto na ana miaka mingapi, ili kamari, mikopo ya papo kwa papo na maudhui ya watu wazima yafungwe kwenye laini hiyo bila mzazi kutafuta kitufe. Hilo halihitaji teknolojia mpya. Linahitaji mstari mmoja kwenye fomu ya wakala.

Kwa nini haya yote yana uzito? Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ulichapisha ripoti za Kenya mwaka 2021 na za Tanzania mwaka 2022, ukiwahoji watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Ripoti hizo zinaonyesha kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto alishamfahamu, na kwamba watoto wengi waliodhuriwa hawakumwambia mtu, au walimwambia rafiki. Waliofika polisi au kwenye namba za msaada walikuwa wachache mno. Kichujio cha umri humzuia mgeni zaidi ya kinavyomzuia jirani. Mtoto anayejua kwamba akisema hatapigwa wala hatanyang'anywa simu ana kinga ambayo Family Link haina. Na akishindwa kumwambia mzazi, namba 116 hupigwa bure Kenya na Tanzania, na upande wa pili kuna mtu aliyefunzwa kusikiliza. Namba hiyo iandikwe kwenye simu ya mtoto kabla ya mchezo wowote kupakuliwa.

Limebaki suala la akaunti ambazo tayari zina umri wa uongo, na nyumba nyingi zinazo. Kijana wa miaka 14 aliyejiandika 19 kwenye Instagram hurekebishiwa tarehe ndani ya mipangilio ya akaunti, na kinga za vijana huanza kumhusu. Kwa mtoto aliye chini ya 13 ni vigumu zaidi: mitandao mingi ikiujua umri wake huifuta akaunti, na huo ndio utaratibu wenyewe. Kwa akaunti ya Google, mzazi akirudisha mwaka wa kweli na umri ukawa chini ya unaotakiwa nchini, Google hutoa muda mfupi wa kuiweka akaunti chini ya usimamizi wa mzazi. Muda ukipita, akaunti hufungwa. Kwa hiyo kabla ya kugusa tarehe, picha na namba zinakiliwe mahali pengine, simu ichajiwe, bando liwepo, na mtoto aketi pembeni akiona kila kinachobadilishwa na kuambiwa sababu yake.